Mwasumini: Jinsi ya kuukuza Mji wa Kale penye jiwe, chumvi na uhaba wa maji

JUA linapoanza kupoa katika vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, kazi ya asumini huanza. Matumba meupe huwekwa kwenye sinia, uzi hutiwa sindanoni na vikuba huanza kufungwa, kila kimoja kikiwa na asumini zake, majani ya rehani, na pengine kipande cha mkadi au kilua kwa atakayebahatika kukipata.

Kazi hiyo haiahirishiki. Tumba lililochumwa alasiri hufunguka baada ya magharibi, hutoa harufu yake yote usiku, na kunapopambazuka huwa limekwisha kunywea na kugeuka hudhurungi. Ndiyo maana asumini ya kuagizwa kutoka mbali haina faida kubwa kwa mwenye arusi. Ua hili sharti likuzwe karibu na linakotumiwa, na kwa karne nyingi wakazi wa kisiwa cha Mvita wamelikuza majumbani mwao.

Siku hizi si nyumba nyingi za Mji wa Kale zilizo na nafasi hiyo. Ua wa ndani, au kiwanda kama wanavyouita wazee, ndio uliokuwa makao ya mwasumini, kisima na jungu la udongo. Familia zilipoongezeka na urithi kugawanywa, viwanda vingi viliezekwa na kufanywa vyumba, na kwingineko nyumba nzima zilibomolewa zikainuliwa ghorofa. Mmea uliosalia umepanda juu, kwenye dari na roshani, ndani ya madebe na ndoo.

Huko juu unakabiliwa na adui watatu ambao vitabu vya bustani vya ng'ambo havina habari nao: udongo wa mawe ya matumbawe, maji ya chumvi na upepo wa bahari. Makala haya yanafafanua jinsi ya kukabiliana nao.

ASILI NA JINA

Wataalamu wa mimea huuita Jasminum sambac. Umo katika jamii moja na mzaituni, ingawa asiyeambiwa hawezi kudhani. Msweden Carl Linnaeus aliuorodhesha mwaka wa 1753 akiuita Nyctanthes sambac, yaani akiuhesabu miongoni mwa maua ya usiku, naye Mskoti William Aiton akauhamishia kwenye jina la sasa mwaka wa 1789. Neno hilo sambac limetokana na zanbaq ya Kiarabu. Asumini yetu, kwa upande wake, ina shina katika yasamin ya Kiajemi iliyotufikia kupitia kwa Waarabu.

Chimbuko la mmea ni Asia Kusini. Ufilipino uliufanya ua la taifa mwaka wa 1934, Indonesia ikafuata mwaka wa 1990, na Wachina huutumia kuipa chai harufu. Wayemeni, ambao wengi wao wana jamaa Mombasa, huliita ua hilo full na kuwavika maharusi makoja yake.

Kwa hivyo mwasumini ni mgeni aliyekaa akawa mwenyeji. Mwenzake katika kikuba, kilua, ni mzawa wa hapa hapa. Mti wa mkilua humea katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, na Bernard Verdcourt alipoueleza kisayansi mwaka wa 1970 aliipa jenasi nzima jina la Kiswahili: Mkilua. Ni nadra lugha yetu kupata heshima ya aina hiyo katika orodha za Kilatini.

Mwasumini una aina kadhaa. Ile yenye petali chache, zilizopangika duara moja au mawili, ndiyo inayofaa kutungwa uzini kwa sababu matumba yake ni marefu, membamba na mengi. Ipo pia ile iliyofumana kama waridi dogo, ambayo wakulima wa ng'ambo huiita Grand Duke of Tuscany. Hiyo hupendeza ikiwa mtini lakini hukua polepole na maua yake ni machache. Anayetaka vikuba asidanganywe na ukubwa wa ua pale anaponunua mche.

TATIZO LA JIWE

Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, nao ni chokaa tupu. Udongo ulio juu yake ni haba, na hata huo umechanganyika na vifusi vya plasta ya chokaa vilivyodondoka kutoka kwenye kuta za nyumba kuukuu. Katika udongo wa namna hiyo madini ya chuma huwamo, ila mizizi haiwezi kuyafyonza.

Dalili yake ni rahisi kuitambua. Majani machanga ya kileleni hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, mithili ya ramani ya mito. Wengi hudhani mmea una kiu na kuuzidishia maji, na hapo huuongezea maradhi. Wengine hufukia misumari yenye kutu kwenye shina, lakini dawa hiyo haifui dafu penye chokaa, kwa kuwa kutu hiyo nayo huganda isiweze kutumika.

Yaliyomo katika vitabu vya Kiingereza kuhusu maua ya bustani hayasaidii sana hapa. Vitabu hivyo husifu maua kama lupini, ambayo hutaka ubaridi na huchukia chokaa. Mtu anayetia mbegu za lupini katika debe la udongo wa Kibokoni anajitafutia huzuni. Mwasumini nao haupendi chokaa, lakini angalau joto la Mombasa ni lake.

Njia ya uhakika ni kuacha kabisa udongo wa mtaani na kujaza chombo udongo uliochanganywa. Chukua sehemu mbili za udongo mwekundu ulioletwa kutoka bara, sehemu moja ya samadi iliyokaa hadi ikapoteza joto na harufu, na sehemu moja ya mboji ya majani. Wauza miche walio kandokando ya barabara huko Nyali na Bamburi huuza udongo huo kwa magunia. Mchanga wa ufuoni usitumiwe, kwani una chumvi na vipande vya makombe, ambavyo pia ni chokaa.

Nyuzi za makumbi ya nazi hufaa sana kuupunguzia udongo uzito na kuhifadhi unyevu, ila ikumbukwe kuwa makumbi ya kusokotea kamba hufukiwa katika matope ya bahari. Yatakayotoka huko yaoshwe kwa maji baridi mara tatu au nne kabla ya kutiwa chomboni.

Asiyeamini kuwa majani makavu yanaweza kuhuisha mwamba na azuru Bamburi. Hapo palikuwa na machimbo ya mawe ya matumbawe ya kutengenezea saruji, jangwa jeupe lisilokuwa na unyasi, hadi mwaka wa 1971 René Haller alipoanza kupanda mivinje. Majani yaliyodondoka yaliliwa na majongoo, yakawa mboji, na leo msitu unaoitwa kwa jina lake una viboko na twiga. Mwenye debe moja darini anaweza kufanya vivyo hivyo kwa kiasi chake, kwa kutandaza majani makavu juu ya udongo na kuyaongeza kila yanapooza.

Ikiwa majani yamekwisha kugeuka manjano, maduka ya pembejeo huuza madini ya chuma yaliyotayarishwa kwa ajili ya udongo wa chokaa. Hunyunyiziwa majani asubuhi na mapema au jioni, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Mmea hurejelea rangi yake polepole, kuanzia majani mapya. Yale ya zamani huenda yasipone.

MAJI

Hili ndilo lililoua miasumini mingi kuliko wadudu wote.

Mombasa haina mto wala ziwa la kunywea maji. Maji yake ya mifereji hutoka mbali: chemchemi za Mzima zilizoko Tsavo, visima vya Baricho kwenye mto Sabaki, chemchemi za Marere kule Kwale na visima vya Tiwi. Yote hayo hayatoshelezi mji, na wakazi wa kisiwani wamezoea mifereji kukauka kwa siku kadhaa. Hapo ndipo watu hurejea kwa visima vya mtaani, ambavyo vingi vina maji ya magadi kwa sababu bahari imepenya mwambani.

Maji hayo huogewa na hufulia, lakini hayafai chomboni. Katika ardhi, mvua huipeleka chumvi chini. Ndani ya debe haina pa kwenda, na kila maji yanapokauka chumvi huachwa nyuma. Mwandishi wa makala haya aliwahi kuwa na mwasumini uliokuwa ukitoa kisahani cha matumba kila jioni. Msimu mmoja wa kaskazi mfereji ulipokauka, aliumwagilia maji ya kisima kwa takriban miezi miwili. Ncha za majani zilianza kuwa kahawia kana kwamba zimepitishwa motoni, kisha majani yakapukutika, na masika ilipowadia hapakuwa na cha kunyeshewa ila vijiti.

Maji ya kutumia basi ni yapi? La kwanza ni la mvua. Kinga pipa chini ya mlizamu wakati wa masika, ambayo huwa nzito zaidi Aprili na Mei, na tena wakati wa vuli, Oktoba na Novemba. Mvua kubwa ya mwanzo iachwe ipite ioshe paa, kwani huja na chumvi iliyopeperushwa na upepo pamoja na kinyesi cha kunguru.

La pili ni maji ya kuoshea mchele, kunde na mboga, mradi hayakutiwa chumvi. Jikoni mwa nyumba ya Kiswahili hayo hayakosekani hata siku moja.

La tatu ni la kizazi hiki: maji yanayodondoka kutoka kwa mitambo ya kupoza hewa. Hayo ni mvuke uliogeuka maji, na takriban hayana chumvi. Ofisi na maduka mengi huyaacha yakichuruzika kutani bure bilashi, na mtu akiweka ndoo hukinga lita kadhaa kwa siku bila ya kumpunguzia mtu chochote.

Ikiwa hapana budi kutumia maji ya kisima, yachanganywe nusu kwa nusu na maji baridi, na mara moja kwa mwezi chombo kimiminiwe maji matamu mengi hadi yatoke chini kwa wingi, ili chumvi ioshwe. Kwa sababu hiyo debe lisilotobolewa chini ni kaburi la mmea. Matundu manne au matano ya upana wa kidole yanatosha.

Mwasumini wa darini huhitaji maji kila siku wakati wa jua kali la Januari na Februari. Wakati wa masika huweza kukaa siku nyingi bila kumwagiliwa. Kipimo bora ni kidole: kichomeke udongoni hadi pingili ya pili, na kama ni pakavu, mwagilia.

Hapa kuna tahadhari moja isiyo ya bustani. Visahani vinavyowekwa chini ya vyungu na mapipa yaliyo wazi ndiyo mazalio ya mbu aina ya Aedes, ambaye hupendelea maji safi yaliyotuama na huuma mchana. Mbu huyo ndiye anayeeneza homa ya dengue, iliyozuka Mombasa mwaka wa 2013 na kurudi tena baadaye, na chikungunya, iliyoikumba Lamu na Mombasa mwaka wa 2004 kisha ikavamia Mombasa tena mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018. Pipa lifunikwe kwa kitambaa kizito au wavu mwembamba. Visahani vimwagwe na kusuguliwa angalau mara moja kwa wiki, kwa kuwa mayai hung'ang'ania pembeni hata maji yakikauka. Bora zaidi ni kutoviweka kabisa.

JUA, UPEPO NA UZITO

Mwasumini hutaka jua la saa nne hadi sita kwa siku. Katika kichochoro cha Mlango wa Papa jua huonekana adhuhuri tu kisha likatoweka nyuma ya kuta, na mmea uliowekwa hapo hurefuka, hujaa majani ya kijani mazuri na hautoi tumba hata moja. Mwenye nyumba hulaumu mche alioununua kumbe kosa ni la mahali. Pakiwa hapana budi, uwekwe penye ukuta uliopakwa chokaa nyeupe, ambao hurudisha mwanga.

Darini jua halina kizuizi, bali kuna upepo. Kusi inayovuma kuanzia Aprili hadi Septemba hubeba rasharasha za bahari, hasa kwa nyumba zinazotazama mlango wa bandari karibu na Ngome ya Yesu. Chumvi hiyo huchoma majani ya upande mmoja. Uzio wa makuti au wa fito unaopitisha upepo kidogo hufaa kuliko ukuta mzima, na majani yakioshwa kwa maji baridi baada ya siku za upepo mkali, hasara hupungua.

Jambo la uzito halizungumzwi vya kutosha. Debe la lita 20 lililojaa udongo uliolowa lina uzito wa kilo 30 au zaidi. Madebe kumi ni kilo 300, sawa na watu wazima wanne au watano waliosimama hapo usiku na mchana. Sakafu za nyumba kuukuu za Mji wa Kale zimebebwa na boriti za mikoko, na juu yake pana mawe ya matumbawe na chokaa. Boriti iliyokauka ina nguvu ajabu, lakini ikilowa kwa miaka huoza pale inapoingia ukutani, pasipoonekana na mtu.

Kwa hivyo vyombo vipangwe kandokando ya kuta zinazobeba sakafu wala si katikati ya chumba. Viinuliwe juu ya vipande vya matofali ili pawe na hewa chini yake, na maji yanayotoka yaelekezwe kwenye mlizamu. Pakionekana alama ya maji kwenye dari ya chumba cha chini, madebe yaondolewe siku hiyo hiyo. Mwasumini mmoja uliotunzwa vyema hutoa maua kuliko mitano iliyokaukiwa, na nyumba iliyosimama tangu enzi za mababu haifai kuhatarishwa kwa ajili ya bustani.

Anayetaka kufungia fremu za chuma nje ya roshani au kutoboa ukuta unaoelekea barabarani akumbuke kuwa Mji wa Kale ni eneo lililohifadhiwa kisheria, na ashauriane kwanza na ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa.

KUPOGOA NA WADUDU

Asumini huchanua kwenye machipukizi mapya. Mti usiopogolewa hurefuka kama kamba, ukatoa ua moja hapa na jingine pale. Wengi huuonea huruma na kuuacha. Huruma hiyo ndiyo inayowanyima maua.

Wakati mzuri ni mwishoni mwa Agosti au Septemba, baridi ya kusi inapopungua. Katwa matawi yote hadi yabaki urefu wa mkono kutoka udongoni, ondoa yaliyokauka, kisha tia samadi kuukuu. Baada ya majuma sita hadi manane, joto na vuli vikija pamoja, mti huwa umejaa machipukizi yenye matumba mafungu mafungu. Msimu wa maua mengi huendelea katika kipindi chote cha joto. Kila fungu linapokwisha, kata ncha yake juu ya jozi ya pili ya majani, na machipukizi mawili yatatokea palipokuwa na moja.

Mbolea ya dukani yenye naitrojeni nyingi ipunguzwe, maana hujaza majani tu.

Wadudu wasumbufu ni vidung'ata, wale weupe wanaofanana na pamba penye maungo ya matawi, pamoja na utitiri mwekundu wakati wa ukavu na nzi weupe. Ukiona sisimizi wakipanda na kushuka shinani, au masizi meusi juu ya majani, chunguza vidung'ata. Sisimizi huwachunga kwa ajili ya utomvu wao mtamu. Yeyusha kipande kidogo cha sabuni katika maji, yapake kwa kitambaa au yanyunyize chini ya majani jioni, uyaoshe asubuhi. Dawa kali za viwandani ziepukwe kabisa. Ua hili huvaliwa kifuani na nyweleni, hutandazwa kitandani, na watoto hulinusa kwa pua iliyogusana nalo.

KUZIDISHA NA KUCHUMA

Mwasumini haubebi mbegu kwa kawaida, na hivyo miti mingi iliyopo ni vipande vya miti mingine. Kata pingili ya tawi lililokomaa kiasi, lisiwe laini wala gumu kama kuni, yenye maungo matatu au manne. Ondoa majani ya chini, ichomeke katika mchanga wa mtoni uliochanganywa na mboji, na uifunike kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako. Iwekwe kivulini, udongo ukiwa na unyevu bila kuroweka. Baada ya wiki nne hadi sita itaanza kuchipuka. Mwanzo wa masika ndio wakati ambapo pingili chache hufa.

Asiye na subira ya chupa na alaze tawi refu, likiwa bado mtini, ndani ya kopo la udongo lililo jirani, aliegemeze jiwe, na alikate litakapokuwa na mizizi yake.

Matumba huchumwa alasiri yakiwa yamevimba na kuwa meupe kabisa. Lililo na ukijani haliwezi kufunguka tena likishakatwa, na lililokwisha kufunguka halitungiki. Yafungwe katika kitambaa cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa, au katika jani la mgomba, na yawekwe mahali pa baridi. Yakitiwa ndani ya plastiki iliyofungwa hutoa jasho na kuoza kabla ya kuvaliwa. Sindano ipite katika kikonyo, si katika tumba lenyewe, na uzi uwe wa pamba. Wa nailoni hukata vikonyo koja linapoanza kuwa zito.

Kwa arusi ya usiku, matumba yatungwe baina ya alasiri na magharibi. Yatafunguka yakiwa tayari shingoni mwa bibi arusi.